Palizi ya pamba yataka hesabu kabla ya jembe

Huko Rwamgasa, mkoani Geita, pamba na dhahabu hugombea mikono ile ile. Pamba hupandwa kati ya Novemba na Desemba, na palizi ya kwanza haingoji. Lakini ikivuma habari kwamba duara fulani limeanza kutoa dhahabu, vibarua huacha jembe siku hiyo hiyo. Mkulima hubaki akilaumu vijana. Lawama haipalilii hata tuta moja. Dawa ni hesabu.

Tuchukue mfano. Mkulima ana ekari 8, na vibarua 8 wanaweza kuzipalilia kwa siku 12. Zidisha: kazi yote ni siku 96 za kibarua. Baada ya siku 4 zimekwisha 32, zimebaki 64. Hapo vibarua 3 wanakimbilia machimboni. Gawanya 64 kwa 5 waliobaki: siku 13. Palizi iliyokuwa iishe siku ya 12 sasa itaisha siku ya 17.

Anayepiga hesabu mara moja ataongeza watu 3 tu. Anayengoja siku 4 nyingine atakuta kazi iliyobaki ni 44, na siku ni 4. Anahitaji watu 11, yaani aongeze 6. Kuwapata kwa mpigo msimu wa palizi ni shida, nao watapandisha bei.

Wapo wanaosema siku 96 ni zile zile, hivyo ujira haubadiliki. Ni kweli kwa ujira, si kwa mavuno. Magugu hula chakula na maji ya mpamba kila siku inayopita.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yatasaidia. Kwanza, lipa kwa ngwe badala ya kutwa, na kila jioni andika ngwe zilizobaki. Pili, kibarua mgeni wa jembe usimhesabu sawa na mzoefu. Tatu, na hili ndilo kubwa, piga hesabu kabla ya kupanda. Ukiwa na watu 5 wa uhakika kwa siku 12, una siku 60 za kibarua. Hizo ni za ekari 5, si 8. Ekari 5 zilizopaliliwa kwa wakati ni afadhali kuliko 8 zilizomezwa na magugu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na nguvu za vibarua ni mali.