Karata ya Mkekani na Mkeka wa Simu



Mdogo wangu ameolewa Kighare, Usangi, kwenye milima ya Upare. Nilikwenda kumtazama mwezi wa Julai, na baridi ya kule sisi watu wa Unguja hatuijui. Ikishaswaliwa Magharibi mlango unafungwa, makande yako jikoni, wakubwa kwa wadogo wanakaa pamoja. Usiku wa pili mdogo wangu akatoa jozi ya karata aliyokuja nayo kwenye sanduku lake la harusi. Tukakaa mkekani: yeye, mama mkwe wake, watoto wawili wa wifi yake na mimi. Tulicheka mpaka mama mkwe akafuta machozi.

Akaingia shemeji mmoja, akasimama mlangoni. "Mnaleta haramu ndani ya nyumba ya Waislamu?" Mdogo wangu, bi harusi wa miezi minne, akazikusanya kimya kimya mbele ya watoto. Kesho yake shemeji yule yule hakuwa na hela ya kuchangia unga, kwa sababu mkeka wake ulichanika. Si mkeka tuliokalia sisi. Ni ule wa kubeti, ulio ndani ya simu.

Tuanze na dini, maana ndiyo tuliyotupiwa usoni. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imetaja kamari pamoja na ulevi, na aya ya 91 ikatupa sababu: shetani anataka kututia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Karata isiyo na dau, wanachuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaoikataza kabisa, wakiilinganisha na nardi ambayo Mtume (S.A.W.) aliikemea. Wapo wanaoiruhusu kwa masharti. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu yake, sataranji aliiona makuruhu, hakuiharamisha. Dada anayefuata kauli ya kukataza namheshimu, na aache.

Lakini kubeti hakuna khitilafu. Umeweka pesa, ukipatia unachukua, ukikosea imeliwa: hiyo ni kamari, iwe kwa karata au kwa mpira wa Ulaya. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inaifanya kampuni isifungwe na serikali. Haikufanyi wewe usiulizwe na Mola wako.

Basi kwa nini tunakemewa sisi? Kwa sababu karata zinaonekana, zimetandazwa mkekani, na zimeshikwa na mwanamke. Simu imo mfukoni, na mwenyewe ni mwanamme. Mtu anaswali safu ya mbele na mkeka unamsubiri dakika ya tisini, hakuna anayemgusa. Matumizi ya mke na watoto ni wajibu juu ya mume, si hisani yake. Kila shilingi ya matumizi inayoingia kwenye mkeka imetolewa kwenye sahani ya mtoto.

Dada unayeposwa, tumefundishwa tuulize swala yake, tabia yake na kazi yake. Uliza na hili: "Unabeti?" Usione haya. Bora aibu ya swali moja kabla ya nikaha kuliko kukopa unga kwa jirani baada yake.

Na kwa waliokubali karata safi, zirudini nyumbani. Zina historia kwetu. Kopa, uru, pau, shupaza na turufu ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, na pwani yetu imeyafanya yake. Mtoto wa miaka mitano mpangie karata chache kifudifudi, afunue mbili mbili kutafuta zinazofanana. Anajifunza kukumbuka na kungoja zamu. Wakubwa wana wahedi wa sitini. Ree ni 11, seti ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu ni 3, wa pili ni 2. Kila rangi ina pointi 30, zote ni 120, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Mtoto wa darasa la nne akihesabu hayo kichwani jioni mbili, mwalimu wake ataona tofauti. Na bibi anayesahau alipoweka miwani utashangaa anavyokumbuka turufu zilizokwishatoka.

Masharti ni haya, na hayana msamaha. Hakuna dau, hata pipi, hata zamu ya kuosha vyombo. Adhana ikilia, karata chini. Hakuna kuapa, hakuna matusi, hakuna kusengenya. Wakigombana watoto, mchezo umekwisha usiku huo.

Mume naye akaribishwe. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha. Mume anayecheka na mkewe mkekani hapungukiwi heshima, na simu yake ikikaa saa nzima bila kushikwa ni kheri kwa nyumba nzima.

Usiku wangu wa mwisho Kighare, baada ya kula, mdogo wangu alikaa tu, mikono mapajani. Mama mkwe wake akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, zile karata ziko wapi? Nilikuwa nakufunga mimi." Shemeji alikuwepo. Hakusema neno.

Wabillahi tawfiq.