Uvira: foto ya ndege wa ufukoni si mchezo wa watalii tu

Kila mwaka, tangu mwezi wa nane hivi, ndege wadogo wanaotoka mbali wanafika kwenye Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira na kwenye mdomo wa Mto Ruzizi. Wakaaji wengi wanamfahamu mmoja wao: anatembea kwenye mawe na matope akitikisa mkia bila kupumzika. Kwa Kifaransa anaitwa chevalier guignette. Kiswahili cha vitabu kinamwita kitwitwi. Anataga mayai Ulaya na Asia, anakimbia baridi huko, na kufikia mwezi wa tano wengi wamesharudi.

Kumpiga foto ni kazi yenye faida. Foto yenye tarehe na jina la mahali ni ushahidi. Upande wa Burundi, mbuga ya Rusizi iko kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo yenye maji, tangu 2002. Upande wa Congo, ufuko huo huo hauko kwenye orodha. Bila ushahidi, ni nani atauombea ulinzi?

Lakini shida haiko aparei. Ufuko wazi ambao ndege anaupenda, askari naye anaulinda: Ruzizi ni mpaka, na bandari ya Kalundu haiko mbali. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, mtu anayelala kwenye tope na lenzi ndefu anaweza kuitwa mpelelezi. Hata lugha inaleta hatari: ukisema "napiga foto ya ndege", askari anaweza kuelewa ile ya chuma, si ya manyoya.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa mazungumzo: shefu wa kartie kwanza, kisha askari wa pale. Kambi, daraja na bandari zisionekane kwenye foto. Wakikataa, unarudi nyumbani. Hakuna foto inayolingana na maisha ya mtu.

Ndege naye ana haki yake. Anatafuta chakula cha kumpatia mafuta ya safari; kila akikurupushwa, anayapoteza. Anayekaa chini na kungoja kimya mara nyingi anaona ndege akimkaribia mwenyewe. Telefone ya kawaida inatosha kama mkia na miguu vinaonekana.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia manyumbani Uvira. Maji hayo hayo yanafunika matope ambamo ndege anakula. Foto za mahali pamoja, mwaka kwa mwaka, zinaonyesha ufuko unapungua au unarudi, na hilo linamhusu hata asiyejali ndege.

Anayefaa zaidi kwa kazi hii pengine si mgeni mwenye lenzi ya bei kubwa. Ni mvuvi: yuko pale kila asubuhi, askari wanamjua, na ndege wamemzoea.