Ndege zisizo na rubani na damu ya Waislamu wa Sudan

ALFAJIRI ya Ijumaa, Septemba 19, 2025, waumini wa mji wa El Fasher, katika jimbo la Darfur Kaskazini nchini Sudan, walikuwa msikitini wakiswali. Ndege isiyo na rubani ikawashukia. Waliouawa walizidi 70, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mji huo ulikuwa umezingirwa na wapiganaji wa RSF tangu Mei 2024, nao ndio walionyooshewa kidole kwa shambulio hilo. Oktoba 26, 2025, ukaangukia mikononi mwao.

Ndugu msomaji, El Fasher ilikuwa karibu na mstari wa mapigano. Port Sudan haikuwa hivyo. Mji huo wa bandari uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Darfur, na ulikuwa makao ya muda ya serikali, kimbilio la waliohama Khartoum na mlango wa misaada ya chakula. Kuanzia Mei 4, 2025, ndege za namna hiyo ziliupiga kwa siku kadhaa mfululizo: uwanja wa ndege, maghala ya mafuta, kituo cha umeme. Mkimbizi aliyedhani ameiacha vita nyuma yake, vita ikamfuata kwa njia ya anga.

Silaha hii ni kitu gani hata ikawa na uwezo huo? Iliyo mashuhuri zaidi ni Shahed-136 ya Iran, ambayo Urusi ilianza kuitumia Ukraine mwaka 2022 na sasa inaiunda yenyewe kwa jina la Geran. Ina bawa la pembe tatu, panga moja la kuisukuma nyuma, na injini ndogo ya petroli ambayo sauti yake haina tofauti kubwa na ya pikipiki za mitaani kwetu. Mwendo wake ni kiasi cha kilomita 180 kwa saa. Hubeba baruti ya kilo 40 hadi 50 na huelekezwa kwa setilaiti hadi umbali unaokadiriwa kufika kilomita 2,000. Hairudi, huangukia shabaha na kulipuka. Bei yake hukadiriwa kuwa kati ya dola 20,000 na 50,000 za Marekani, ilhali kombora moja la Patriot la kuidungulia hugharimu kadiri ya dola milioni 4. Anayejilinda anaweza kudungua tisa katika kumi na bado akafilisika. Usiku mmoja wa Septemba 2025, Ukraine ilisema imerushiwa zaidi ya 800.

Wapo vijana wetu waliofurahia hesabu hiyo. Walipoona Mahouthi wa Yemen wakizisumbua meli za kivita za Marekani katika Bahari ya Sham kuanzia mwishoni mwa 2023, walisema mnyonge naye amepata silaha. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haikufika mwisho. Silaha nafuu haimchagui mnunuzi. Iliyomfikia mnyonge imemfikia pia dhalimu, na huyu hununua nyingi zaidi.

Wanazuoni wa fiqhi hawakulikuta jambo hili likiwa jipya kabisa. Walijadili manjaniki, mtambo uliovurumisha mawe juu ya kuta za ngome, ambao imepokewa kwamba ulitumika katika kuizingira Taif mwaka wa 8 Hijria. Wengi waliuruhusu penye haja ya kivita, huku wakishikilia katazo la Mtume (S.A.W.) la kuua wanawake na watoto, kwa sharti kwamba hao wasikusudiwe. Mrushaji wa manjaniki alikuwa na udhuru: jiwe likishatoka halimtii mtu. Anayeandika majira ya msikiti au ya kituo cha umeme katika ndege ya leo hana udhuru huo, kwani chombo kinakwenda pale pale alipokituma. Na akisema mawimbi yake yalivurugwa kikapotea njia, basi aulizwe kwa nini alikirusha kuelekea mji uliojaa watu hali akijua kwamba hupotea. Abubakar (R.A.) alipolituma jeshi Sham alikataza hata kukata miti yenye matunda na kubomoa makazi ya watu. Maghala ya mafuta ya bandari inayolisha wenye njaa yana hukumu gani, kama mti wa matunda una hukumu hiyo?

Liko pia suala la muuzaji. Jeshi la Sudan nalo limeripotiwa kutumia ndege za Iran na za Uturuki. Serikali ya Sudan iliushitaki Umoja wa Falme za Kiarabu katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kuwasaidia RSF. Umoja huo ulikanusha, na Mei 5, 2025 Mahakama ikaifuta kesi kwa kukosa mamlaka, bila kuamua nani mkweli. Zote tatu zilizotajwa ni dola za Waislamu. Imam Bukhari amenukuu kwamba sahaba Imran bin Huswein (R.A.) alichukia kuuza silaha wakati wa fitina, na alisema hivyo zama ambazo silaha ilikuwa upanga, na muuzaji alimjua mnunuzi kwa sura.