NANI KASEMA MAWAZO YANAKONDESHA TU?

Wiki hii nina mada ambayo najua itawagusa wengi, hasa wenzangu na mimi wa jijini tunaogombana na daladala asubuhi na mwenye nyumba jioni.

Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini hapa Bongo mtu akikonda tunasema "ana mawazo huyo", lakini akinenepa tunasema "maisha yamemnyookea"? Mwanaume akiota kitambi, basi ana mshiko. Dada akijaza, basi kapata bwana wa kumlea. Kijiweni hukumu inatoka hapo hapo, tena bila shahidi.

Leo nakata rufaa. Mawazo yanakondesha, sawa. Lakini mawazo hayo hayo yananenepesha pia, na kazi hiyo haianzii tumboni. Inaanzia kwenye ubongo.

Kuna dada mmoja jirani yetu, jina lake namhifadhia. Anauza kwenye duka la nguo la tajiri mmoja Kariakoo. Biashara ikayumba, tajiri akawa anamlipa nusu nusu, huku kodi ya chumba inadaiwa na mdogo wake kijijini anasubiri ada. Mchana kutwa hali kitu, anajipoza na chai ya rangi. Usiku akishuka kwenye daladala, miguu yenyewe inampeleka kwenye banda la chipsi. Chipsi mayai, mishkaki miwili, soda baridi. Akifika ndani anamalizia na kashata. Miezi michache tu, nguo zikaanza kugoma kumwingia. Mashoga zake wakimwona ni kelele tu: "Shoga umependeza! Mwenzetu unakula raha!"

Raha gani? Siku moja tumekaa uani aliniambia maneno yaliyonichoma: "Kaka yangu, mimi hata njaa sisikii. Nakula tu. Nikimaliza sahani ndiyo naanza kulia."

Mtaani mtu kama huyu anaitwa mroho. Mimi nasema tusimwonee. Hebu twende taratibu tuone kinachotokea ndani ya kichwa chake.

Mwaka 1936 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Vienna, Hans Selye, akiwa Montreal huko Kanada, aliandika habari fupi kwenye jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia mbalimbali: baridi, majeraha, madawa. Akakuta kwamba mateso ni tofauti lakini miili inajibu kwa namna moja, ikiwemo kuvimba kwa tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Hapo ndipo elimu ya stresi ilipoanza kushika kasi. Tezi hizo hata wewe unazo, na zinapokea amri kutoka kwenye ubongo.

Amri ya kwanza ni ya haraka. Tuseme unapita Oysterbay usiku, mbwa wa tajiri anachomoka getini. Ubongo unaziamuru tezi zimwage adrenalini. Moyo unadunda, damu inakimbilia miguuni, tumbo linaambiwa lisubiri. Hapo hata uwekewe pilau ya harusi huitamani. Ndiyo maana stresi ya ghafla inakata hamu ya kula.

Amri ya pili inakuja nyuma yake polepole, nayo inaitwa kotisoli. Hii kazi yake ni kuhakikisha mwili una sukari ya kutumia, na baadaye kuuambia urudishe mafuta uliyounguza wakati unakimbia. Kwa maneno mengine, inasema: kula, tena kula vizuri. Kama tatizo ni mbwa, hakuna neno. Umekimbia, umefika, umekula, basi, ngoma droo.

Lakini kodi ya nyumba si mbwa bwana. Haichoki wala haigeuki nyuma. Unalala nayo, unaamka nayo. Kotisoli inaendelea kumwagika wiki kwa wiki, inaagiza chakula cha kufidia mbio ambazo wala hukukimbia. Ulikuwa umekaa tu kitandani unapiga hesabu.

Na haiagizi mchicha. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza kwamba panya wenye stresi ya muda mrefu wakipewa vyakula vya sukari na mafuta, ule mtambo wa stresi kwenye ubongo unapungua makali. Yaani chakula kile kinatuliza kweli! Ubongo nao si mjinga, unashika somo. Ukionja kitamu unamwaga dopamini, kemikali inayosema "hii kumbuka, irudie". Kesho mawazo yakija, ubongo unakuonyesha njia ya bandani hata kabla hujafikiri. Wakati huo huo ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo breki yetu ya kujizuia, stresi ikizidi inalegea. Gari lina mteremko na breki hazishiki. Utamlaumu dereva peke yake?

Mnabisha? Mwaka 2001 mtafiti Elissa Epel na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 59. Siku moja waliwapa kazi za kuwatia presha, siku nyingine waliwaacha wapumzike, kisha wakawawekea vitafunwa. Wale ambao miili yao ilimwaga kotisoli nyingi ndio waliokula zaidi siku ya presha, na waliegemea zaidi vitu vitamu.

Na usingizi je? Mtu mwenye mawazo halali. Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2004 walichapisha utafiti wa vijana wa kiume 12. Walipolala saa nne tu kwa siku mbili mfululizo, homoni ya leptini inayosema "nimeshiba" ilishuka kwa asilimia 18, na ile ya grelini inayosema "nina njaa" ikapanda kwa asilimia 28. Siku mbili tu jamani! Sisi tunaokesha na simu mpaka saa nane za usiku, kisha saa kumi na moja alfajiri tuko kituoni, tunategemea nini?

Sasa kwa nini wengine wanakonda? Makadirio ya wataalamu ni kwamba katika watu 100 wenye stresi, kama 40 wanakula zaidi, kama 40 wanakula kidogo, waliobaki hawabadiliki. Miili haifanani. Kwa hiyo yule mwembamba na yule mnene mnaowapangia maksi kijiweni, inawezekana wamelala na tatizo lile lile.

Balaa ni kwamba kotisoli ikizidi, mafuta yanapenda kukusanyika tumboni, ndani kabisa, kuzunguka viungo. Kitambi cha namna hiyo ndicho kinachokaribisha kisukari na presha ya damu. Tunampongeza mtu kwa kitu kinachomwandalia kitanda cha hospitali.

Tufanyeje sasa? Kwanza jifunze kutofautisha njaa na mawazo. Njaa ya kweli inakuja taratibu na haichagui, hata makande ya jana inakubali. Njaa ya mawazo inakuja ghafla na inataja jina: nataka chipsi, nataka keki. Ikitaja jina, kunywa maji, tembea kidogo, ndipo uamue.

Pili, usishinde na njaa mchana ukidhani unabana matumizi. Wali maharage wa mama lishe saa saba unakuokoa na sahani mbili za saa nne usiku.

Tatu, shuka kituo kimoja kabla ya chako, umalizie kwa miguu. Mwili uliojiandaa kukimbia upe nafasi utembee, kichwa kitapoa.

Nne, lala. Simu iweke mbali na mto, umbea wa mtandaoni utaukuta asubuhi.

Tano, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, lishike tatizo lenyewe. Yule jirani yetu alijaribu kujinyima, akashindwa, akala zaidi kwa hasira. Nafuu ilikuja pale mama mmoja mtu mzima wa nyumba ile alipomshika mkono wakaenda wote kwa mwenye nyumba kuomba alipe kidogo kidogo. "Baba, mtoto huyu hakimbii, mpe nafasi tu," mama akasema. Mzee akanuna, mwisho akakubali. Deni halikuisha siku ile, ila usiku ule dada alilala. Bandani siku hizi anapita, lakini si kila siku.

Na kama unakula mpaka unaumia, kwa kujificha, kisha unajichukia, tena inajirudia wiki hadi wiki, huo si uroho wala tabia mbaya. Ni ugonjwa unaotambulika, nenda hospitali ukaongee na daktari bila aibu.

Kwa sisi wa kijiweni nina ombi moja tu. Ukikutana na mtu kanenepa ghafla, yale maneno ya "umependeza, unakula raha" yameze kwanza. Muulize, "Uko salama lakini, ndugu yangu?" Halafu nyamaza umsikilize. Inawezekana ndilo swali alilokuwa analisubiri miezi sita.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Nanyi mliokuwa mnasoma huku mmeshika sahani, malizeni tu, sijawakataza.