Sumaku mbili tumboni si jambo la kusubiri

Kwa mafundi redio wa Kidodi, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, watoto hupenda kuomba sumaku za spika mbovu. Huzifunga uzi na kuzikokota mchangani zinase vumbi jeusi la chuma. Ni mchezo mzuri, wenye somo ndani yake.

Mtoto akikuuliza mbona sumaku haiishiwi nguvu, mweleze hivi. Ndani ya chuma mna mafungu madogo mno, na kila fungu ni sumaku. Kwa kawaida kila moja huelekea upande wake, hivyo nguvu zao hufutana. Ukisugua sindano kwa sumaku mara nyingi, kuelekea upande mmoja tu, mafungu mengi hugeukia upande uleule. Sindano ni chuma cha pua, kigumu, kwa hiyo hubaki yamepangika. Kwenye chuma laini, mengi huvurugika tena ukiondoa sumaku.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Japani na Marekani walichanganya chuma, boroni na madini ya neodimi, wakapata sumaku inayoshika mpangilio huo kwa nguvu nyingi mno. Ndiyo ile ndogo inayong'aa, iliyomo kwenye spika za masikioni na baadhi ya midoli. Hiyo ndiyo ya kuogopa.

Mtoto akimeza moja, huenda ikatoka na choo. Akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, hunasana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kubana kuta zake katikati. Damu haipiti, utumbo hutoboka, uchafu humwagika tumboni. Mwanzoni utaona kutapika na maumivu ya tumbo tu, ukadhani ni chakula.

Ukihisi mtoto amemeza sumaku, usimtapishe wala kumpa dawa ya kuharisha. Usingoje choo. Mpeleke siku hiyohiyo hospitali yenye eksirei, na utamke wazi neno "sumaku". Mbili zilizoshikana zaweza kuonekana kama moja, hivyo uliza kama atapigwa picha ya ubavuni pia. Zikiwa bado tumboni kabla ya kuingia utumbo mwembamba, daktari mwenye kifaa cha kamera anaweza kuzitoa bila kupasua.

Sumaku kubwa ya spika waachie wakubwa wajifunze. Zile ndogo zihesabu, kisha zifungie mbali na wadogo.