Kwenye wagoni za watoto, namba za uzito ziandikwe

Hapa Kalemie, katika kambi za wahamaji na katika familia zinazowapokea, watoto wanatengeneza treni za mikebe. Msomaji wa hapa anazijua. Mkebe wa mafuta ya msaada unakatwa, unanyooshwa kwa jiwe, unakunjwa kuwa wagoni. Magurudumu yanatoka kwenye vifuniko vya chupa au kandambili iliyokatika, na wagoni moja inashikana na nyingine kwa waya. Vijana waliokua kidogo wameanza kuziuza, na mteja anayelipa anataka wagoni yenye maandishi, kama ile ya kweli. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: iandikwe nini?

Wengi wanasema SNCC, basi. Wazee waliofanya kazi ya reli wanataka CFL. Wengine wanaacha herufi za wafadhili zilizokuwa tayari kwenye mkebe, kwa sababu rangi ni bei. Mimi naona kila mmoja ana haki yake, lakini wote wanabishana juu ya herufi kubwa na kusahau zile ndogo.

Kwanza hizo kubwa, tuzimalize. CFL ilikuwa kampuni ya reli ya Kongo ya juu mpaka Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902. Ndiyo iliyofikisha reli hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, wakati mji huu ukiitwa Albertville. Mwaka 1974 kampuni za reli ziliunganishwa, jina likawa SNCZ. Mwaka 1995 ilikuja Sizarail, ambayo haikukaa. Mwaka 1997, Zaire ilipogeuka Kongo, ikawa SNCC. Kutoka SNCZ mpaka SNCC ni herufi moja tu iliyobadilika, na kijana mwenye kibao cha kupakia herufi anaweza kuuza wagoni za nyakati mbili kwa kugeuza kipande kimoja cha katoni. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kuchanganya: nimeona wagoni yenye SNCC upande mmoja na Albertville upande mwingine. Wagoni kama hiyo haikupita kwenye reli yoyote. Mwenye kupenda CFL aandike Albertville, na mwenye kuandika SNCC aweke Kalemie. Kuhusu herufi za wafadhili, mimi nasema zisikwanguliwe. Zinasema mkebe ule ulileta nini.

Sasa tuje kwenye zile ndogo.

Wagoni ya kweli ya mizigo ina maandishi ya aina mbili. Herufi kubwa zinasema mwenyewe ni nani. Zile za chini, ambazo mtu hasomi mpaka asogee karibu, zinasema wagoni ina uzito gani ikiwa tupu, yaani TARE kwa Kifaransa, na inaruhusiwa kubeba tani ngapi. Hizo si mapambo. Kabla treni haijatoka, watu wa gare wanajumlisha uzito mtupu wa kila wagoni pamoja na mzigo wake. Kwa hesabu hiyo wanajua kama lokomotiva itaweza kupanda kilima, na kama breki zitaishika treni kwenye mteremko. Tuseme wagoni ina tani 20 ikiwa tupu, na inaruhusiwa tani 40. Ina ekseli nne. Ikijaa, kila ekseli inakandamiza reli kwa tani 15. Ukiongeza, hujui ni reli, ni daraja au ni gurudumu litakalokata tamaa kwanza.

Katika Marekani na Ulaya kuna watu wazima, wengine ni mababu, wanaotengeneza treni ndogo nyumbani kama kazi ya starehe. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 87: wagoni ya meta 12 inakuwa ya sentimeta 14 hivi. Herufi wanazinunua zikiwa zimechapwa kwenye karatasi maalum. Wanaiweka karatasi ndani ya maji, ngozi nyembamba yenye herufi inateleza, wanaihamisha kwenye ubavu wa wagoni. Wanazichagua kwa mwaka: wagoni ya mwaka 1950 haipewi alama ya mwaka 1980, na ukikosea mwenzako atakuambia. Wana muda, hao. Lakini jambo moja nimelipenda kwao. Kwenye wagoni ya sentimeta 14, hawaachi uzito. Wanaandika uzito mtupu, kikomo cha mzigo, hata mwezi na mwaka wagoni ilipojengwa, kwa herufi ndogo kuliko chembe ya mchele. Wanajua kwamba bila hizo ni sanduku lenye magurudumu.

Sisi ambao treni ya kweli inapita karibu na nyumba zetu, tunaandika jina la kampuni na kuacha uzito. Na sisi ndio tunaopanda juu yake.

Wote wanakumbuka Mayibaridi. Ilikuwa usiku, Septemba 2019, hapa katika jimbo letu la Tanganyika. Treni ilianguka, watu wakafa, na hesabu zilipingana kuanzia siku ya kwanza. Waziri mmoja kule Kinshasa alitangaza watu 50. Lakini nani angehesabu vizuri, ikiwa watu waliokuwa juu ya wagoni hawakuandikwa popote?

Na Machi 2022, Buyofwe, jimbo la Lualaba. Treni ya mizigo ilikuwa ikitoka Luena kwenda Tenke, wagoni 15. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba 12 kati ya hizo zilikuwa tupu. Tupu! Na papo hapo ikaeleza kwamba treni hiyo ilikuwa na mamia ya watu waliopanda bila kibali. Wagoni saba zilianguka bondeni. Waliokufa walipita 60. Mimi nimesoma habari hiyo mara nyingi kwenye mikrofoni, na kila mara neno «tupu» linanikwama kooni. Kwenye karatasi ya gare wagoni ilikuwa na uzito wake mtupu, basi. Juu yake kulikuwa mama na mtoto, mihogo, baiskeli, godoro.

Mtu atanijibu kwamba binadamu hana uzito mkubwa. Kweli, watu 100 wa kilo 60 ni tani 6, na wagoni inaruhusiwa nyingi kuliko hizo. Lakini tani 6 ambazo hazikuandikwa ni tani 6 ambazo breki haikuhesabiwa kwa ajili yake. Tena mzigo wa mawe unakaa chini, ndani. Watu wanakaa juu kabisa, na kwenye kona uzito wa juu ndio unaovuta wagoni kulala upande.

Sisemi kwamba mtoto akiandika TARE kwenye mkebe, ajali zitaisha. Familia iliyokimbia Nyunzu, au kijiji kimoja cha pembeni ya reli, haipandi juu ya wagoni kwa kupenda. Treni ya abiria ni nadra, barabara mnaijua, na siku utulivu unapoonekana kila mtu anataka kurudi kuona shamba lake kabla mwingine hajalilima. Wa kuweka treni ya watu ni wenye reli na serikali, na hilo tutaendelea kulisema. Wenye reli pia wana kazi ya kupakia upya namba za uzito zinapofutika, kwa sababu namba isiyosomeka haimsaidii mpakizi.

Lakini mtoto anayeuliza baba yake «hii tani 40 ni ya nini?» ameuliza swali ambalo mimi sikuwahi kusikia likiulizwa gare. Na wengi katika kambi zetu bado wana mzee wa reli wa kumjibu. Wazee hao wanafahamu ekseli, wanafahamu breki, na hakuna anayewauliza kitu tangu pensheni zao zilipoanza kuchelewa.

Basi kwa vijana wanaouza: kwenye nyumba ya fotokopi, ukurasa mmoja wa karatasi ya kubandika unatosha wagoni nyingi. Mwambieni mwenye mashine apange jina juu, upande wa kushoto, na chini yake mistari miwili midogo: uzito mtupu na mzigo unaoruhusiwa. Msitunge namba. Nendeni gare mchana, ombeni ruhusa, mnakili zile za wagoni iliyosimama, kisha mwonyesheni mzee mmoja kabla ya kuchapa. Wasiokuwa na pesa ya karatasi wachonge namba kwa msumari. Kwenye bati la mafuta zinaonekana vizuri, na hazitoki kwa mvua.