Tusiwaache wazee wa kaya peke yao

Mhariri,

Misitu mitakatifu ya kaya, yaani makazi ya kale ya jamii za Mijikenda wa Pwani ya Kenya, ingali imesimama kwa sababu ya imani. Kwa vizazi vingi wazee wa kaya wamekataza kukata miti, kuokota kuni na hata kuacha njia iliyoruhusiwa. Ndiyo maana, katika Pwani iliyofyekwa kwa mashamba na majengo, kaya zimebaki kimbilio la miti, ndege na vipepeo adimu.

Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kadhaa kuwa Urithi wa Dunia, na nyingi zinalindwa kisheria chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Lakini karatasi haimzuii mwenye msumeno. Anayemzuia ni mzee, na kijana aliyefunzwa miiko.

Naziomba kaunti za Kwale na Kilifi ziweke alama kwenye mipaka ya kila kaya na kuwalipa walinzi wanaochaguliwa na wazee. Mashehe na wachungaji nao wawatetee hadharani wazee wanaosingiziwa uchawi na kuuawa, mara nyingi kwa tamaa ya ardhi. Anayemuua mzee wa kaya anauua na msitu.

Msomaji,
Kwale